Jina Yuri lina maana gani, na lina mtakatifu wake?

MamaWaKwanza

Habari za leo wanajukwaa. Naomba msaada kwa yeyote anayeifahamu Urusi au lugha yake.

Natarajia kujifungua mtoto wa kiume, Mungu akijalia, na mume wangu anataka arithi jina la baba yake, marehemu Yuri. Baba mkwe alizaliwa 1961. Baba yake alikuwa mkulima wa kahawa huku Kagera, na aliposikia kwenye redio kwamba mtu wa kwanza kufika anga za juu anaitwa Yuri Gagarin, akasema mwanangu huyu ndiye Yuri. Kanisani alibatizwa kwa jina jingine ambalo hakuna aliyelitumia. Hadi anazikwa watu walimwita Yuri, na msalabani limeandikwa Yuri.

Sasa sisi tunataka mtoto abatizwe kwa jina hilohilo, asiwe na jina la kanisani na la nyumbani. Katekista wa kigango chetu anasema halina mtakatifu, tutafute lingine. Shangazi naye anasema wenye jina hilo ni Wajapani. Maswali yangu: lina maana gani? Ni jina kamili au ni kifupi cha jina fulani? Na kweli halina mtakatifu? Nawashukuru mapema.

Msomaji wa Usiku

Hongera dada. Nijuavyo mimi Yuri ni jina la Kijapani na ni la kike, maana yake yungiyungi, lile ua. Gagarin namfahamu ila sijui walilitoa wapi. Ngoja waliosoma huko waje.

Bwana Shamba Mstaafu

Mwanangu, hongera sana, na poleni na msiba wa baba mkwe. Mimi nilisoma kilimo Voronezh miaka ya 1980, mji ulio kusini ya Moscow katika ukanda wa udongo mweusi. Jina hili nimeishi na watu wake, kwa hiyo nivumilie niseme kwa urefu, maana hilo la kuambiwa halina mtakatifu limenigusa.

Kijana hapo juu yuko sahihi kuhusu Japani. Wanalo jina la kike Yuri na ni la ua kweli. Yanafanana kwa sauti, basi, hayana undugu. La Gagarin limetoka mbali na huko.

Yuri ni Joji. Ni jina lilelile la Mtakatifu Joji, au George kama wengine wanavyoandika, lililopita katika vinywa vya watu wengine kwa karne nyingi. Kwa Kigiriki ni Georgios, na Georgios limetokana na neno la kawaida kabisa, georgos, yaani mkulima. Ge ni ardhi, ergon ni kazi. Mtu anayefanya kazi ya ardhi. Huyo babu wa Kagera aliyekuwa anapalilia kahawa yake alimpa mwanawe jina la kazi yake mwenyewe, na sidhani kama kuna mtu aliyemwambia.

Sasa limefikaje kuwa Yuri? Mwaka 988 mtawala wa Kiev, Vladimir, alibatizwa na kuuingiza Ukristo wa Kigiriki katika nchi yake. Majina ya watakatifu yakaja na mapadri. Wakati huo Wagiriki wenyewe walikuwa wameshailegeza ile G ya mwanzo, inasikika karibu na Y. Waslavi wakalipokea kwa masikio yao: katika kumbukumbu za kale za watawa utakuta Gyurgi, baadaye Yurgi, mwishowe ile G ya katikati nayo ikadondoka, likabaki Yuri. Vijijini likachukua njia nyingine likawa Yegor. Na kanisani, kwenye vitabu, likabaki Georgiy. Kwa hiyo Warusi wana majina matatu kutoka shina moja, na leo wanayahesabu kuwa majina tofauti kabisa. Jenerali Zhukov wa vita ya pili ya dunia alikuwa Georgiy, huwezi kumwita Yuri. Gagarin alikuwa Yuri, huwezi kumwita Georgiy. Lakini zamani, kabla ya mapinduzi ya 1917, padri akimbatiza mtoto aliandika Georgiy daftarini, na huyohuyo nyumbani akaitwa Yuri au Yegor. Serikali ya Kisovieti ilipochukua kazi ya kuandikisha vizazi, Yuri likaanza kuandikwa peke yake kwenye vyeti.

Kwa hiyo jibu la swali lako la pili: leo ni jina kamili. Si kifupi.

Na mtakatifu yupo, tena mkubwa. Joji shahidi, askari aliyeuawa kwa ajili ya imani mwanzoni mwa karne ya 4 wakati wa Kaisari Diokletiano, na heshima ya kaburi lake iko Lida, Palestina. Sikukuu yake ni tarehe 23 Aprili, na katika kalenda yetu Wakatoliki ipo. Mwambie katekista, kwa adabu, kuna ushahidi mmoja ambao hata padri ataukubali. Mjini Lviv, magharibi ya Ukraine, kuna kanisa kuu la karne ya 18 juu ya kilima, na watu wa mji wanaliita Sobor Svyatoho Yura. Maana yake ni Kanisa Kuu la Mtakatifu Yuri, hivyohivyo, Yuri. Na lile si la Waorthodoksi. Ni la Wakatoliki wa mapokeo ya Kigiriki, walio chini ya Baba Mtakatifu wa Roma kama sisi. Likitajwa kwa Kiingereza linaandikwa la Mtakatifu George, kwa sababu ni yeye yuleyule.

Na akitaka wa pili, yupo Yuri Vsevolodovich, mtawala wa mji wa Vladimir, aliyeanzisha Nizhny Novgorod mwaka 1221. Wamongolia walimuua vitani kwenye mto Sit mwaka 1238. Waorthodoksi wamemtangaza mtakatifu. Wao humwandika Georgiy.

Sasa niruhusu niingie shambani, maana hapo ndipo jina hili lina uzito kwa Mrusi, na huko ndiko nilikolielewa.

Mtakatifu Yuri ana siku mbili kwa mwaka huko. Ya masika ni hiyo 23 Aprili kwa kalenda ya zamani, ambayo sasa inaangukia 6 Mei. Ndiyo siku ng'ombe walitolewa zizini kwa mara ya kwanza baada ya majira ya baridi. Fikiria mifugo iliyofungiwa ndani miezi mingi, inakula nyasi kavu, imekonda mbavu zinahesabika. Siku ya Yegoriy, yaani Yuri huyohuyo kwa kinywa cha kijijini, wanakijiji waliifungulia na kuiswaga kwa vijiti vya mti unaoitwa verba, vilevile vilivyobarikiwa kanisani Jumapili ya Matawi na kuhifadhiwa nyuma ya sanamu takatifu. Wachungaji walipewa mayai na mikate. Na waliamini mbwa mwitu wote wako chini ya amri ya mtakatifu huyo: kuna methali yao isemayo alichonacho mbwa mwitu menoni, Yegoriy ndiye aliyempa. Kwa mfugaji hilo si jambo dogo. Ukipoteza ndama ulijua umlalamikie nani.

Siku ya pili ni ya majira ya kuanguka kwa majani, 26 Novemba kwa kalenda ya zamani. Hapo mavuno yamekwisha, nafaka ipo ghalani. Mkulima wa Kirusi karne ya 15 alikuwa analima ardhi ya kabaila. Aliruhusiwa kuhama kwenda kwa kabaila mwingine, ila si wakati wowote. Sheria ya Ivan wa Tatu ya mwaka 1497 iliweka nafasi moja: wiki moja kabla ya Siku ya Yuri na wiki moja baada yake. Alipe deni lake, alipe na malipo ya nyumba aliyokaa, rubli moja ya Kirusi sehemu za mbuga na nusu rubli sehemu za misitu, halafu afunge mizigo yake kwenye kijigari cha farasi aondoke na watoto. Wiki mbili hizo ndizo uhuru wote aliokuwa nao kwa mwaka mzima.

Kuanzia mwaka 1581, chini ya Ivan wa Nne, ikaanza kutangazwa miaka iliyokatazwa: mwaka huu hakuna kuhama. Mwaka mmoja, mwingine, hadi ikawa ndiyo desturi, na sheria ya 1649 ikamfunga mkulima kwenye ardhi ya bwana wake moja kwa moja, yeye na kizazi chake. Warusi wana msemo hadi leo, mtu akinyimwa kitu alichokuwa anakitegemea: "Haya bibi, hiyo ndiyo Siku ya Yuri!" Niliusikia kwa mara ya kwanza bwenini, mpishi wa kantini alipofunga dirisha huku sisi tuko foleni. Wenzangu Warusi walitamka kama sisi tunavyosema "imekula kwetu". Mwalimu wetu wa elimu ya udongo ndiye aliyenikalisha chini akanieleza ulikotoka. Yeye mwenyewe alikuwa Yuri, mjukuu wa wakulima. Alichukua bonge la udongo mweusi mkononi, ule wa Voronezh unaobanika kama unga wa mtama uliokandwa na mafuta, akasema babu wa babu yake aliulima huu na hakuwa na ruhusa ya kuuacha. Ukabaila huo ulifutwa 1861.

Miaka 100 baadaye, 12 Aprili 1961, akaruka Gagarin. Watu wengine walidhani anatoka ukoo wa kitawala, kwa kuwa kulikuwa na watawala wa zamani wenye jina Gagarin. Hapana. Alizaliwa 1934 kijijini Klushino, mkoa wa Smolensk. Baba yake alikuwa seremala na wote wawili, baba na mama, walifanya kazi kwenye kolkhozi, yaani shamba la pamoja la kijiji. Aliizunguka dunia kwa dakika 108 akatua karibu na mji wa Engels, shambani, na waliomwona kwanza walikuwa mwanamke mmoja na mjukuu wake waliokuwa wanapanda viazi. Georgos, mkulima. Mimi nikilisikia jina hili nawaona hao wenye jembe wanaomtazama mtu mwenye nguo ya rangi ya chungwa akija kwao kwa miguu.

Ndiyo maana nasema babu wa mumeo alichagua vizuri. Msiliache.

Mwana wa Riruta

Mzee shikamoo, umenifundisha. Mimi ni Morthodoksi wa Nairobi, nataka tu kuongeza moja. Kwetu chini ya Patriaki wa Aleksandria mtoto akiitwa George, padri akimkomunisha humtaja kwa Kigiriki, Georgios. Kuna ndugu mmoja wa Kirusi anayesali nasi, kitambulisho chake kimeandikwa Yuri, na akija mbele ya kikombe padri husema Georgios, naye hufungua mdomo anakomunika. Hakuna anayeshangaa. Kwa hiyo dada, hilo la mtakatifu lisikusumbue.

Na hata Afrika jina hili si geni. Lile kanisa la Lalibela, Ethiopia, lililochongwa chini kwenye mwamba kwa umbo la msalaba, ni Bete Giyorgis, nyumba ya Joji.

Kipanga

Naheshimu maelezo, ila niulize bila kuficha. Wakati huu wa vita ya Urusi na Ukraine, kumpa mtoto jina la Kirusi si kumtwisha mzigo? Kesho akisoma Ulaya atahojiwa.

Bwana Shamba Mstaafu

Swali lako ni la haki, Kipanga. Jina hili si mali ya Warusi peke yao. Waukraine wanalo, ni Yuriy, na wanalipenda vilevile. Hilo kanisa la Lviv nililotaja ni lao. Wabelarusi wanalo. Wapolandi wana Jerzy, Wacheki wana Jiří, Wabulgaria na Wajojia wana Georgi na Giorgi. Hata yule Yuri Dolgorukiy, ambaye Moscow imetajwa kwa mara ya kwanza mwaka 1147 pale alipomwita mwenzake "njoo kwangu, ndugu, Moscow", alipigania kiti cha Kiev kwa miaka mingi, akafia hukohuko Kiev 1157 na kuzikwa huko. Moscow walimsimamishia sanamu mwaka 1954, yuko juu ya farasi katikati ya mji, lakini kaburi lake liko Kiev. Mtoto akiulizwa, aseme ameitwa jina la babu yake. Hilo linaeleweka kote.

Mimi nina marafiki pande zote mbili tuliolala nao chumba kimoja Voronezh. Sitaki kuligeuza jina la mtoto kuwa bendera ya mtu yeyote, na nakuomba nawe usilifanye hivyo.

MamaWaKwanza

Mzee shikamoo, na asante sana, Mungu akuzidishie umri. Nimemsomea mume wangu sehemu ya Gagarin na wale waliokuwa wanapanda viazi, amenyamaza muda mrefu. Jumapili tutakwenda kwa paroko wenyewe na habari ya kanisa la Lviv. Mwana wa Riruta nawe ubarikiwe.

Naomba nimalizie. Kwenye cheti cha kuzaliwa tuandikeje? Nimeona Yuri, Yury, Youri, hata Iurii. Na Warusi humwitaje mtoto mdogo mwenye jina hili? Na tukipata binti baadaye, lina umbo la kike?

Bwana Shamba Mstaafu

Marahaba mwanangu.

Andikeni Yuri, herufi nne. Hizo nyingine zote ni jitihada za kuandika herufi za Kirusi kwa za Kilatini. Wafaransa huandika Youri, Wajerumani hutumia J. Iurii ndivyo pasipoti za Urusi zinavyoandika siku hizi kwa kufuata kanuni za kimataifa za usafiri, wala Mrusi mwenyewe halipendi. Baba mkwe aliandikwa Yuri, na jina la kurithi liandikwe kama la aliyeliacha, la sivyo mtakuja kuhangaika na viapo mahakamani siku ya mirathi. Kulitamka hamtakosea: Warusi huweka mkazo kwenye YU, na Kiswahili nacho kinaweka mkazo hapohapo.

Mtoto wa Yuri wa kike hapati jina la Yuri, anapata la baba. Kule kila mtu ana majina matatu: lake, la baba yake, la ukoo. Gagarin alikuwa Yuri Alekseyevich kwa sababu baba yake ni Aleksei. Ndivyo na sisi tunavyoandika jina la mtoto, la baba, la babu, ila wao hulitumia mdomoni kila siku, ndiyo heshima yenyewe. Mwanafunzi akimwita mwalimu jina lake tupu bila la baba, darasa zima linageuka kumtazama. Kwa hesabu hiyo mume wako angekuwa anaitwa Yuryevich kazini kwake hadi anastaafu, na dada zake wangekuwa Yuryevna. Binti yenu akija, mkitaka mtakatifu huyohuyo, yako Georgina na Georgia, yote mazuri.

Mtoto mdogo ni Yura. Ndilo la nyumbani, la rafiki, la mke. Mama yake Gagarin alimwita Yura hata baada ya dunia nzima kumjua. Bibi akimbembeleza atasema Yurochka, au Yurik. Lipo pia Yurka: hilo ni la watoto wanaocheza pamoja, au la mama aliyekasirika kwa sababu kikombe kimevunjika. Mtu wa nje akimwita mtu mzima Yurka ni kumdharau, kwa hiyo mkikutana na Warusi msimtambulishe hivyo. Kwenu Kagera Yura litatosha, au mwacheni Yuri tu, ni fupi tayari.

Mkishapata jibu la paroko tuambieni.